Ile ya Kinanda Peke Yake
Nimenunua nyimbo katika miji mingi, lakini ni mzee muuza nyimbo wa kambi ya wakimbizi ya Kakuma tu aliyeninyima. Mteja mpya akitaka nyimbo za mpiga kinanda mkongwe wa jazi na fanki ambaye mzee humpenda, mzee humtilia kwenye simu albamu ya kucheza, kidole chake kikigonga meza kufuata ngoma. Albamu ile nyingine ya mkongwe huyo, ya kinanda peke yake, huizuia. "Sikio lizoee kwanza," husema.

"Mzee, unauza muziki ama dawa?" Ayen, msichana mteja wake wa siku nyingi, humtania kila akinyimwa.

Juzi Ayen alikuja kuaga, kesho yake akienda Australia kuishi. Mzee alimtilia ile ya kinanda bila kuombwa.

"Kwani sikio langu limeshazoea?"

"Litazoea huko, binti yangu."

Mzee akaipiga kidogo kwenye simu kuhakikisha imeingia. Kidole chake kilitulia mezani, hakikugonga.