Kamba ya Komredi

Usiku ule nilitandika mkeka sebuleni nikalala karibu na mbwa wangu, Komredi, kwa sababu alikuwa akilia kila alipojigeuza. Mguu wake wa nyuma ulikuwa na uvimbe mgumu juu ya goti. Mchana, Dokta Neema, binti anayeendesha kliniki ya wanyama ya mtaani kwetu, alikuwa ameupapasa uvimbe ule kwa vidole viwili, akaniambia taratibu, "Mzee wangu, mguu huu tuukate. Tukichelewa, ugonjwa utasambaa hadi kwenye mapafu."

Nilimjibu mbele ya watu. "Baba yako ana bucha pale sokoni. Wewe umezoea kukata tu." Watu wakacheka. Yeye hakucheka. Nikamvuta mbwa wangu nikaondoka.

Usingizi ulinichukua nikiwa bado nimeshika kamba ya Komredi.

Mara niko kwenye benchi la kliniki. Ukuta ni ule wa zamani, wa kijani, kabla haujapakwa rangi upya. Bi Mwajuma, jirani yangu tuliyemzika miaka mingi iliyopita, amekaa pembeni, paka wake mapajani. Ananitazama toka kichwani hadi miguuni.

"Wewe nawe umekuja kupanga foleni na sisi? Zamu yako bado. Usitusukume."

Mlango unafunguka. Anatoka Dokta Mbwambo, marehemu, rafiki yangu, ndiye aliyeianzisha kliniki ile. Miwani yake bado imefungwa uzi. Namnyooshea mkono, lakini yeye anainama kwanza kumsalimu mbwa, kama alivyofanya siku zote.

"Umechakaa, Anatoli," anasema. "Mbwa wako kazeeka vizuri kuliko wewe."

Tunaingia ndani, na ndani si chumba cha matibabu. Ni machinjioni. Sakafu imeoshwa, maji yanapita kwenye mfereji, na dokta yuko pekupeku. Juu ya meza kuna mguu wa ng'ombe. Anagusa kiungo kwa ncha ya kisu, na mguu unaachana polepole, bila damu, kama mlango unaofunguliwa na mtu asiyetaka kumwamsha mtoto.

"Hapa ndipo nilipolijua goti," anasema. "Kwa mjomba wangu, kabla ya chuo. Nilikwambia."

Nataka kusema hakuniambia.

Nikitazama tena, machinjio hayapo. Tuko kwenye njia ya kwetu, asubuhi, na Komredi ametangulia. Ana miguu mitatu. Anamkimbiza kuku wa jirani, na kuku yule anakimbia kweli kweli, hana mzaha. Mbwa mwenyewe haonyeshi kujua kwamba kuna kilichopungua.

Dokta anakinga kiganja. Alikuwa na desturi hiyo alipokuwa hai: hakumchukua mnyama kutoka kwa mwenyewe hata siku moja. Alisubiri umpe kamba kwa mkono wako, hata kama mnyama anavuja damu. Naiweka kamba kiganjani mwake. Anaitazama kidogo, kisha ananirudishia.

"Si mimi," anasema. "Mpe yeye."

Nikaamka. Kulikuwa kumepambazuka. Komredi alikuwa macho, akininusa mkono. Hapo nikakumbuka. Ni kweli Dokta Mbwambo aliniambia, siku aliyomshona mbwa wangu wa kwanza: kwamba alilelewa na mjomba mchinjaji, na kazi yake ya kwanza ilikuwa kutenganisha viungo. Mimi nikacheka, nikamwuliza daktari gani anatoka machinjioni. Hakulitaja tena. Kumbe neno lile nimelisema mara mbili, kwa watu wawili, na wote wawili walijua kumshika mbwa wangu kuliko ninavyojua mimi.

Ningepaswa kuamka na kifua kizito. Lakini nilikuwa mwepesi, nikijichekea peke yangu kwa sababu ya yule kuku. Nikambeba Komredi hadi barazani, nikavaa viatu, tukaenda kwa mwendo wake.

Dokta Neema alikuwa anafungua kufuli.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Jana nilikukosea. Nilikosea pia zamani, kwa mwingine."

Nikamnyooshea kamba. Hakuipokea. Aliinama kwanza, akamsalimu Komredi, akamkuna nyuma ya masikio. Kisha akasimama, akakinga kiganja, akasubiri.