Saa Tisa Hadi London

Mimi na mdogo wangu tulisomea uuguzi. Fomu za kazi ya ng'ambo tulizijaza pamoja, mezani kwangu Naro Moru. Yeye akaitwa, mimi sikuitwa. Nilimpongeza kwa mdomo, lakini moyoni nilitamani karatasi zake zipotee.

Siku aliyosafiri kwenda Toronto nilikuwa Endarasha kwa mama. Mama aliniomba nimtafutie kwenye simu ni mbali kiasi gani. Nikamsomea: kilomita zaidi ya elfu kumi na mbili, saa tisa hivi hadi London, angoje hapo, kisha saa nane nyingine. Mama akayarudia polepole kama anayekariri mstari wa Biblia.

Asubuhi hiyo hiyo mdogo wangu aliniandikia kwamba ndege imecheleweshwa kwa saa mbili, nimjulishe mama, na kwamba atapiga simu akishuka London. Nilimwambia mama habari ya kupigiwa simu tu.

Kutwa nzima mama aliniuliza binti yake amefika wapi. Mimi nilitoka Naro Moru alfajiri, nikabadilisha gari Nyeri, nikakanyaga matope hadi langoni, kama nifanyavyo kila Jumamosi. Hajawahi kuniuliza safari yangu huchukua saa ngapi.

Zile saa tisa zilipokwisha, akatulia kando ya simu. Baadaye akauliza mbona iko kimya.

"Ameshashuka," nikasema. "Labda amesahau."

Mama aliketi kwenye stuli, akafuta kwa leso mikono iliyokuwa mikavu tayari. Nilipaswa kumhurumia, lakini niliona raha, na niliendelea kumenya viazi nikiwa nayo.

Viazi vilikuwa jikoni simu ilipolia. Mdogo wangu alikuwa ndiyo kwanza ametua. Nikamsikia akimwuliza mama kama nilimpa habari ya kuchelewa. Mama akasema ndiyo, nilimpa. Akamwombea, akakata simu, akanigeukia.

"Ulijua?"

"Nilijua."

"Ati ulitaka nimkasirikie," alisema, bila kuinua sauti. Kisha akanipakulia chakula, na nyama nyingi akaiweka kwenye sahani yangu.

Mwaka uliofuata mdogo wangu alikuja likizo. Siku ya safari yake ya kuja nilifika Endarasha mapema, nikatoa simu, nikamwambia mama niko tayari kumsomea. Lakini jirani yake, mwanamke mmoja wa kanisani kwake, alikuwa ameketi karibu naye, miwani puani, simu mkononi.

"Huyu ananiangalilia," mama alisema. "Wewe kunywa chai."

Jirani akamwambia ndege imebakiza saa tatu. Zilikuwa tano, nilikuwa nazitazama kwenye simu yangu. Mama alimshika yule mwanamke mkono, akamshukuru. Nikanywa chai yangu, nikimwonea wivu hata huyo.