Muluzi Uliopita mu Redio

Bunia haina farasi. Naanza na hiyo kwa sababu kila mwaka kuna wageni wanaosikia redio yetu ikitangaza "mbio za farasi," wanatoka hoteli na simu ya kupigia picha, halafu wanakuta siye: wanaume wenye jasho, kila mutu na kinga yake. Kinga ni baiskeli. Zetu haziko za kupanda. Wachomeleaji wanaziongezea vyuma mbele na nyuma, tunafunga fimbo moja ku usukani na ingine nyuma ya kiti, tunapakia maharagi, makala ya kupikia, mabidoni ya mafuta ya mawese, na tunasukuma kwa miguu. Kwa kushuka mulima breki ni kipande cha pine, mpira wa tairi, unachokanyagia gurudumu la nyuma. Kwa vile inabeba na hailalamike, wazee waliiita farasi, na jina likabaki.

Siku ya sikukuu wanatufunga namba kifuani. Kila kinga inapakiwa mufuko wa muchanga. Tunatoka Saio, tunapita boulevard, barabara kubwa ya muji, tunapanda mulima wa Mudzi-Pela, tunageuka, tunarudi mbele ya jukwaa. Ni redio njo inaifanya kuwa sikukuu. Direktere wa redio anakaa studio, na watu wake wanasimama njiani na simu: moja kwa kuanzia, moja ku mulima, moja ku jukwaa. Wao wanaona, yeye anapiga kelele. Hajaona hata kinga moja, lakini ukimusikia utasema anakimbia kando yako. Siku ile hata mutu mwenye hapendi redio anaiwasha. Mongbwalu wachimbaji wanaweka chini koleo. Djugu wale waliobaki wanasikiliza, na mpaka Mahagi inafika kama hewa iko muzuri.

Na hiyo njo sababu niliingia. Haikuwa kwa ajili ya zawadi. Nina dada moja, mudogo wangu, tumetoka tumbo moja. Siku walipochoma kijiji yetu kule Djugu, mimi nilikimbilia upande wa Bunia na mukono unaotoka damu, yeye alikimbilia upande wa mutelemuko wa ziwa na mutoto mugongoni. Tangu ile siku sikujua kama anaishi. Kambi za wadeplase, wale waliokimbia vita, nilizipita, nikauliza. Hakuna.

Utasema: si upeleke kominike, tangazo la kusomwa, mu redio? Nilipeleka. Direktere aliisoma mbele yangu, akakata sehemu moja na kalamu, bik nyekundu.

"Jina la dada yako, sawa," akasema. "Kijiji, hapana."

"Direktere, jina ya dada yangu ni jina ya nusu ya wanawake wa Djugu. Bila kijiji atajuaje ni yeye?"

"Papa, kijiji njo inaleta moto. Ukisema kijiji, mutu anajua kabila. Akijua kabila, anajua nani alimuchoma nani. Siye tuliapa hiyo haitapita tena hapa."

Sisemi sheria yenyewe haina maana. Tuliona vile kinywa cha mutu moja kinaweza kuwasha nyumba za watu wengi. Kwa sababu ya ile sheria, hata mu mbio hatutajwe majina. Ni namba tu. Mimi nilikuwa kumi na saba, mu redio wanasema disset kwa Kifaransa. Lakini sheria ilikuwa inawalinda nani? Ukitaka kujua, angalia nani alikaa mbele ku jukwaa.

Nitasema. Mwaka jana mugeni wa heshima alikuwa mukubwa moja wa zamani wa wale wenye silaha. Vijana wake njo walichoma kijiji yetu. Si nimesikia kwa watu. Nilimuona, alikuwa anasimama kando ya njia na kofia yake, anawaonyesha kwa kidole nyumba ipi bado. Leo iko na tumbo, iko na walinzi, anakaa chini ya tente na soda baridi. Aliyemualika ni prezida wa komite ya sikukuu. Aliyemusalimia mu redio kwa cheo chake chote ni direktere, yeye mwenye bik nyekundu. Majina yao siandike hapa, lakini kila mutu wa Bunia akisoma anawajua.

Basi. Desturi ya mbio ni hii: watatu wa kwanza wanapewa mikro kwa kusalimia watu wao. Kominike inakatwa na bik, lakini mikro ni moja kwa moja hewani. Nikajiambia: nitafute kuwa wa tatu tu.

Wenzangu wa depo ya maharagi walinicheka. Mukono wangu wa kuume umebaki na vidole vitatu, naufunika na soksi, nasukuma kwa wa kushoto na kifua.

"Muzee disset, utatuachia njia ao tukuzunguke?"

"Muache. Anaenda kusalimia bibi."

"Bibi gani? Na ile soksi yake?"

"Mutacheka mukifika nyuma yangu," nikawaambia.

"Nyuma yako iko nani? Vumbi?"

Boulevard ilienda muzuri. Ku mulima mambo yakawa mengine. Jua lilikuwa juu, muchanga unavuta nyuma, na kila mutu ana namna yake ya kupanda: moja anatukana, moja anaomba Mungu, moja anahesabu. Mimi napiga muluzi. Ni muluzi wa baba. Alivunjika jino la mbele akiwa kijana, na jioni akiita mbuzi sauti ilikuwa inatoka mara mbili fupi, halafu moja ndefu inayoshuka chini kama mutu anayechoka. Siye watoto wake tulijifunza kuipiga hivyohivyo, hata wenye meno yote. Majirani walikuwa wanatucheka: nyumba ile hata wasichana wanaita mbuzi kwa pengo.

Pale juu alisimama mwandishi wa redio, binti moja mwenye simu. Aliposikia muluzi akakimbia kando yangu, akanisongezea simu ku kinywa.

"Direktere, musikilize huyu! Disset anapanda na muziki!"

Kutoka redio za watu kando ya njia nilisikia sauti ya direktere inacheka: "Disset anaita ng'ombe wake! Disset, ng'ombe walishaliwa zamani!"

Watu wakacheka. Mimi nilikuwa nasukuma tu.

Nilifika wa tatu. Mutu wa jukwaa akaniletea mikro. Wa kwanza alisalimia bibi yake na mutengenezaji wa kinga. Wa pili alisalimia parokia yake. Mimi nikasema jina langu, nikasema, "Natafuta dada yangu, tumetoka," nikataja kijiji. Pale pale muziki ukapanda. Mikro bado iko mukononi mwangu, naongea, na mu redio za watu wote ni gitaa. Prezida wa komite akaja akinishika bega na meno nje.

"Asante papa, asante, tumeelewa."

Nyuma yake yule mukubwa alikuwa ananiangalia. Hakunitambua. Kwa nini anitambue? Siye tulikuwa wengi.

Nilirudi Saio na shuka ya zawadi. Wenzangu hawakucheka siku ile.

Majuma machache yakapita. Siku moja yule binti wa redio alikuja ku depo kununua maharagi, akanikuta. Akaanza kunipunguzia sauti, kama mutu anayetaka kuiba.

"Papa, hawakukuambia? Siku ile mama moja alipiga simu studio toka Mongbwalu. Akauliza, yule mutu wa muluzi ni nani, anatoka wapi."

Niliweka kopo la kupimia chini. "Wakamujibu nini?"

"Direktere alimujibu, redio haitoi utambulisho wa washindani. Akakata. Kulikuwa na simu nyingi."

Nilienda kwa direktere palepale na vumbi la maharagi kwenye nguo. Nilimuomba namba ya ule mama. Akasema simu ya studio inapokea watu wengi, namba ilishapotea.

"Direktere, ni dada yangu. Nani mwingine anajua ule muluzi?"

"Papa, siye tulikukinga. Mutu usiyemujua anauliza unatoka wapi, weye hauone hatari?"

"Hatari ilikaa ku jukwaa na soda."

Akafungua mulango wa ofisi, akausimamia mpaka nikatoka.

Nilipakia muzigo wa kwenda Mongbwalu, njia ile mbovu, nikazunguka soko nikipiga muluzi. Wachimbaji walifikiri nimechanganyikiwa. Muislamu moja mwenye kuuza chai akanikalisha, akanipa kikombe, akaniuliza mbuzi zangu zimepotelea wapi. Nikamwambia zamani. Hakuna mwanamuke aliyegeuka. Mongbwalu watu wanahama kila shimo likikauka. Lakini nilirudi na furaha, nisiwadanganye. Mutu aliyepiga simu ni mutu anayeishi. Mwaka muzima nililala na hiyo. Nikauza kwa sura nyingine, hata wateja walisema papa amekuwa kijana. Nilianza kukadiria umri wa ule mutoto wa mugongoni, nikamununulia viatu kwa kukisia tu.

Mwaka huu nikaingia tena. Sikutaka mikro. Niliongea na yule binti wa redio mbele ya siku ya mbio.

"Ukifika ku mulima," akasema, "nitasongeza simu. Jina sitataja, kijiji sitataja. Nitasema tu mutu wa muluzi anapatikana ku depo ya maharagi pale Saio. Hiyo si kabila, hiyo ni biashara."

"Direktere atakukaripia."

"Atanikaripia nyuma. Maneno yatakuwa yameshapita."

Ku mulima niliacha wenzangu wapite. Nilikuwa napanda kama mutu anayebeba mayai. "Muzee, umekufa?" wakaniuliza. Nikafika kwa binti, nikasimama kabisa, nikakaza kinga na goti, na nikapiga muluzi wa baba mara nyingi mpaka midomo ikakauka. Yeye akasema maneno yake haraka, depo na Saio. Nilifika karibu wa mwisho, na mu redio direktere akatangaza kwamba disset amezeeka.

Hazikupita siku nyingi. Mwanamuke akasimama mbele ya depo, kitambaa kichwani, miguu nyekundu ya vumbi la Mongbwalu. Nikatupa kopo, nikamuendea. Halafu akainua uso. Hakuwa dada yangu. Alikuwa jirani yetu wa zamani, wa ngambo ya shamba letu la mihogo, mumoja wa wale waliokuwa wanacheka pengo.

"Yaya," akasema, vile kwetu tunamuita kaka mukubwa. "Ni weye kweli."

Nikamupa kiti. Hakukaa.

"Mwaka jana njo mimi nilipiga simu. Nilisikia muluzi nikiwa napepeta mahindi, nikaacha yote, nikakimbia kutafuta simu. Nikasema, mutoto wa ule muzee anaishi, na mimi niko na neno lake. Wakanikatia."

"Neno gani?"

Akaniambia. Walikimbia pamoja upande wa ziwa. Mutoto alienda wa kwanza, kwa homa. Dada yangu alifika mpaka ku kijiji ya wavuvi, akaumwa tumbo, hakumaliza juma. Yule jirani na wanawake wengine walimuzika, wakaweka jiwe. Ni zamani. Ilikuwa mwaka uleule wa moto.

Sikulia. Nilimuuliza kama alipewa sanda. Akasema walimufunga kwa kikwembe, kitenge chake mwenyewe, kile cha rangi ya kahawia. Nilikikumbuka. Mimi njo nilikinunua, soko ya Mahagi.

Basi nilikuwa nimechelewa miaka mingi na mwaka moja. Ile miaka mingi naiweka juu ya yule mukubwa wa soda. Ule mwaka moja, wa viatu na wa kulala na furaha, naweka juu ya direktere na bik yake. Kuna watu wananiambia, lakini ulikuwa mwaka wako muzuri, umushukuru. Wao waununue, kama wanautaka.

Tuliweka matanga hapa Saio. Kwa matanga unapeleka kominike, ni lazima, watu wajue fasi ya kuja. Niliiandika kama wote wanavyoandika: familia ya fulani, wa kijiji fulani, mu Djugu, inawatangazia wandugu na marafiki kifo cha binti yao. Nikapeleka guichet, dirisha la kupokelea kominike. Mwenye kupokea akaipiga muhuri bila kuinua macho. Kominike za kifo hazikatwe. Desturi yake ni hiyo: marehemu lazima awe na kijiji.

Jioni tulikaa kwenye uwanja, jirani yule kando yangu, wenzangu wa depo ku mabenchi, redio katikati. Direktere mwenyewe alisoma, na sauti yake ya kominike, ya polepole. Akasoma jina ya dada yangu. Halafu akasoma kijiji yetu, yote, bila kuruka hata herufi, na hakuna muziki uliopanda. Akapita kwa kominike ya yule aliyefuata.