Fundi Redio na Kipima Gesi

Fundi redio wa sokoni Kyela huzipanga skrubu juu ya kigae cha chungu kama alivyozitoa, moja baada ya nyingine, kisha husugua kila kilichomo ndani kwa mswaki wenye petroli. Ndivyo alivyokifanyia kipima gesi cha Ezekia, mchimba makaa ya mawe, kile kinacholia gesi ya hatari ikijaa mgodini, kilicholetwa kubadilishwa betri tu. Alitaka kuona kinavyonusa. Mwanzo kililia alipokipulizia gesi kutoka kiberiti cha gesi. Baada ya kukisugua hakikulia tena.

“Ndaga, asante, fundi,” Ezekia alisema alipokuja kukichukua. “Taa naiona inawaka.”

“Taa inawaka, mwenzangu, ila pua yake ya kunusia gesi nimeiua mimi kwa petroli. Usishuke nacho mgodini.”

“Sasa kesho nishuke na nini?”

Fundi alikuwa amekishika kwa mikono miwili. Hakukiachia.