Mama Alivyosoma Namba ya Kadi

Leo kuna mtu kaniletea kadi yangu mwenyewe niinunue.

Mnajua nakusanya kadi za wachezaji mpira, zile zilizopimwa ubora na kufungiwa kwenye kasha la plastiki. Kila kasha lina namba yake, na haipewi jengine.

Tumekutana mkahawani, mtaa wa Firq. Kijana mpole, kaagiza chai ya maziwa. "Usiniamini mimi, akhi. Ingiza namba kwenye tovuti ya wapimaji."

Nikaingiza. Picha ya kadi ikatoka, ile ile.

Lakini namba ile naijua. (Wenzangu wanakumbuka namba za magari, mimi za kadi.)

Nikampigia mama kwa video.

"Shikamoo mama. Hebu fungua kabati langu, nisomee namba ya kadi iliyo juu."

"Makaratasi yako hayo tena?"

Lakini akaenda. Akavaa miwani, akaisoma tarakimu moja moja, mkahawa mzima unasikia. Mimi nafuata kwa kidole kwenye kasha la yule kijana.

Zote sawa.

Ya kweli iko mkononi mwa mama. Ya bandia iko mezani, mbele yangu.

"Wallahi hata mimi nimeuziwa," kasema kijana, akaondoka na chai hajaimaliza.

Namba kaitoa wapi? Kwenye picha niliyoiweka hapa hapa ukurasani, najisifu. Zibeni namba zenu, jamani.

Nimerudi nyumbani, kadi haimo kabatini. Mama kaihamishia kwenye sanduku la dhahabu zake, na ufunguo anao yeye.