Samadi Niliyoipeleka Baringo

Ipo Jumamosi moja ambayo bado naikumbuka kama ya juzi, mwanangu, ingawa magoti yangu yananiambia ni zamani sana. Nilikuwa na miaka ishirini na minne. Nilikuwa nimemaliza sekondari mjini Nakuru na kurudi kwetu Molo, kulima viazi na kukamua ng'ombe wanne ambao marehemu baba alituachia mimi na mama. Nilimpenda msichana aitwaye Chebet, wa upande wa juu karibu na msitu. Yeye alinikubali mapema. Baba yake, Mzee Koech, ndiye aliyesema hatatoa jibu kabla hajaja kuona boma ambamo binti yake ataishi.

Mzee Koech alikuwa amefanya kazi miaka mingi akiwa nyapara wa ng'ombe kwenye shamba la mlowezi mmoja. Alisema machache na kutazama mengi. Nikajiambia kwamba mtu wa namna hiyo atataka kuona usafi, na hapo ndipo nilipoanza kuharibu.

Nyuma ya zizi letu palikuwa na rundo la samadi lililonifika kifuani. Mama ndiye aliyelijenga. Kila asubuhi alitoa samadi zizini akaiweka hapo, akaongeza maganda ya viazi, majivu ya jikoni na mashina ya viazi yaliyokauka shambani. Msimu wa kupanda ulipofika tulilisambaza lote, kisha akaanza lingine. Viazi vilivyonilea na kunipeleka shule vilitoka kwenye rundo hilo. Lakini nilipolitazama wiki ile, niliona nzi tu.

Nikamwomba jirani mwenye trekta aje Alhamisi alizoe. Mama aliuliza tutapanda na nini. Nikamjibu kwamba siku hizi kuna mbolea ya gunia, na kwamba hayo mengine ni mambo ya watu ambao hawakusoma. Nilimwambia hivyo mbele ya dereva, mwanangu, na yeye ndiye aliyeamka gizani miaka yote ili mimi nisome. Katika makosa yote nitakayokusimulia, hilo ndilo linaloniuma zaidi. Mama aliingia jikoni.

Trekta ilibeba trela tatu. Tulizimwaga kwenye mteremko ulio juu ya mto wetu, ule unaotiririka hadi ziwa la Baringo, kwa sababu mgeni akiwa nyumbani hangeweza kupaona. Kisha nikatandaza kokoto uani, nikapaka mawe chokaa na kuyapanga mistari miwili kutoka langoni hadi mlangoni. Ijumaa mvua ya Aprili ilinyesha mchana kutwa. Nilifurahi sana, maana iliosha kokoto zangu zikang'aa.

Mzee Koech alifika Jumamosi saa nne asubuhi, viatu vyake vya mpira vimejaa tope hadi magotini. Alimsalimia mama kwa heshima, akakataa kiti, akazunguka boma polepole. Alipita katikati ya mawe yangu meupe bila kuyatazama. Alifika nyuma ya zizi, akasimama pale palipobaki duara jeusi.

"Kijana, hii boma iko na ng'ombe ngapi?"

"Wanne, mzee."

"Na choo yao iko wapi?"

Nikamweleza, tena kwa fahari, kwamba tuliondoa uchafu wote kwa heshima yake. Alinitazama kama mtu anayemtazama ndama mwenye miguu mitano.

"Nimekutana nayo pale mtoni," akasema. "Inaenda Baringo. Uko na shamba huko?"

Mama alikuwa mlangoni na birika la chai. Alicheka mpaka akaliweka chini. Nilijua kicheko hicho nimekistahili, na bado mashavu yaliniwaka.

Mzee hakucheka. Aliniambia kwamba ng'ombe amekula majani ya shamba, akanipa maziwa, na kilichobaki ni cha shamba, si changu cha kutupa. Akanieleza kwamba alipovuka mto alimkuta Mama Wangare, jirani yetu wa upande wa chini, amesimama na ndoo tupu, maji yamekuwa rangi ya chai ya rangi na yananuka zizi.

"Umeibia shamba yako, halafu ukachafulia mwingine maji," akasema. "Msichana yangu hatakuja kwa boma kama hii. Siku utakuwa na rundo, utaniita."

Akamuaga mama, akaondoka bila kunywa chai. Na ujue kwamba kwetu mgeni akikataa chai yenye maziwa ya ng'ombe wako mwenyewe, mambo ni mabaya.

Chebet nilimpata Jumapili baada ya kanisa. Nilitarajia machozi, au walau huruma kidogo. Alikuwa amekwisha kusimuliwa kila kitu, mpaka habari za chokaa. "Kwani ulitaka kuoa ama kufungua hoteli?" aliniuliza. Alipomaliza kunicheka, alinipa neno moja la maana. Alisema baba yake hajawahi kumwambia mtu arudi kama hataki arudi.

Nikaanza na Mama Wangare. Nilikwenda kwake nimejiandaa kwa hotuba ndefu ya kuomba radhi. Aliisikiliza nusu, akanikabidhi mitungi miwili na kunionyesha njia ya chemchemi ya juu. Nilimchotea maji asubuhi na jioni mpaka mto ulipotakata, na kila nilipofika aliniuliza habari za Baringo. Alinisamehe, lakini mmoja wa watoto wake aliugua tumbo wiki ile. Alipona. Hakuna aliyesema kwa hakika kwamba ni yale maji, wala mimi sijawahi kuthubutu kusema kwamba siyo.

Halafu nikamwendea mama. Nilimwomba anifundishe kujenga rundo, mimi niliyekuwa na cheti cha sekondari ukutani. Alinifundisha jinsi ya kupanga tabaka, kavu kwa mbichi, kulifunika lisichujwe na mvua, na kuligeuza kwa uma wa shambani mpaka liive kwa joto lake lenyewe. Tulichota kile kidogo kilichosalia mteremkoni. Niliomba maganda kwenye hoteli za mjini na kuyabeba kwa baiskeli, na watu walinibatiza jina ambalo sitalitaja hapa. Viazi vya msimu ule, tulivyopanda kwa mbolea ya gunia peke yake, vilikuwa vidogo, na udongo ulikauka haraka kuliko nilivyowahi kuuona. Kila kiazi nilichochimba kilinifundisha jambo lile lile.

Mwaka ulipozunguka nikamwita Mzee Koech. Alikuja asubuhi ya baridi, ile baridi ya Molo inayouma masikio, na rundo lilikuwa linafuka mvuke. Hakuingia ndani. Alikunja mkono wa koti, akauzamisha mkono wake ndani ya rundo mpaka kwenye kiwiko, akakaa hivyo kidogo.

"Iko moto," akasema.

Kisha akamgeukia mama, akamwambia kwamba ile chai ya mwaka jana sasa atainywa.

Ndivyo nilivyopata mke, mwanangu. Tumeishi naye miaka mingi na bado ananiita mwenye hoteli.

Juzi mjukuu wetu, anayesomea kilimo chuoni, alikuja na karatasi ya rangi nyingi. Alinieleza kwamba mataifa yalikaa pamoja yakaandika malengo kumi na saba ya maendeleo endelevu, na kwamba njia mojawapo ya kuyafikia inaitwa uchumi wa mzunguko. Maana yake ni kutumia kitu kwa muda mrefu, kukitengeneza kikiharibika, na kurudisha kinachobaki mahali kitakapofaa tena, badala ya kuchimba kipya kila siku na kutupa cha jana. Kwenye karatasi kila lengo lilikuwa na kisanduku chake; alinionyesha cha njaa, cha afya, cha maji safi, cha matumizi ya busara, cha hali ya hewa, cha uhai wa nchi kavu.

"Guka, umeelewa?" aliniuliza, maana kwetu babu huitwa guka.

Nikamwambia nimeelewa sana, kwa sababu nilivunja karibu yote hayo kwa trela tatu. Vile visanduku vimechorwa mbalimbali ili visomeke, lakini ardhini havina kuta. Nilipoliondoa rundo, nilipunguza chakula chetu, nikachafua maji ya jirani, nikahatarisha afya ya mtoto na kuchosha udongo, yote kwa siku moja na kwa nia ya kupendeza. Nilipolirudisha, yakaanza kupona pamoja. Sasa mjukuu huyo ametuwekea mtambo wa kutoa gesi kwenye samadi. Samadi inampikia bibi yake kwanza, halafu inakwenda kwenye viazi. Hata Mzee Koech hakulifikiria hilo.

Basi nisikilize. Kabla hujatupa kitu, jiulize kimetoka wapi na nani anakihitaji bado. Usinunue kwa haraka kile ambacho tayari unacho. Tenga takataka zako, kwa sababu siku hizi nachomoa nyuzi za plastiki ndani ya rundo langu, na hizo hazigeuki kuwa chakula cha mmea hata ungezisubiri maisha yako yote. Usidanganyike kwamba kila kosa linarudishwa. Kile kilichofika Baringo hakikurudi Molo, kwa hiyo bora kuzuia kuliko kuchota. Kumbuka kwamba kila unachokimwaga kina mtu wa upande wa chini. Na mama yako akikuuliza mtapanda na nini, kaa chini umsikilize, hata kama umesoma kumshinda.

Nakuombea udongo mweusi chini ya miguu yako, maji ambayo majirani zako watakunywa bila kuyachungulia kwanza, na kazi ambayo watoto wako hawatalazimika kuisafisha. Mungu akupe pia mtu mkali atakayekukosoa mapema, na moyo mwepesi wa kucheka pamoja na wale watakaokucheka.