Milimita Mbili za Jino la Mwalimu

Mwalimu aliyenifundisha kusoma darasa la kwanza, kule Tinde, alikuja kwenye kliniki yangu Shinyanga mjini Jumatatu moja asubuhi, leso kaibana mdomoni. "Shikamoo, mwalimu," nikamwamkia. Akaitikia kwa kichwa. Jino lake la juu, la pili kutoka katikati, lilikuwa limeoza mpaka ndani.

"Usiling'oe," akaniambia. "Nasimama mbele ya watoto kila siku."

Nikamwahidi kusafisha mzizi na kuuziba. Kazi hiyo yote ni kujua urefu wa mzizi. Ukiishia njiani, uchafu unabaki. Ukipitiliza, unachoma nyama iliyo nje ya mzizi. Nilianza na kifaa cha betri cha kupimia urefu huo. Waya mmoja nikaubana mdomoni mwake, mwingine kwenye sindano nyembamba ya kusafishia. Kikalia kwamba nimefika: milimita kumi na tisa. Kisha nikapiga eksirei. Pichani, sindano ilikuwa imebakiza milimita mbili kufika nchani.

Nikampigia simu daktari mwenzangu wa Mwanza.

"Kifaa hudanganya mzizi ukiwa na damu au usaha," akasema.

"Una vyote viwili."

"Lakini picha nayo hudanganya. Wewe ndiye uliye hapo, ndugu yangu."

Nikaiamini picha, kwa kuwa niliiona kwa macho yangu. Nikaongeza zile mbili. Mwalimu akashtuka kitini licha ya ganzi, akanishika mkono.

"Pole, mwalimu."

"Endelea tu, mwanangu."

Alhamisi alirudi amevimba hadi chini ya jicho. Nikampa dawa, nikasafisha upya, nikapima tena kwa njia zote mbili. Kila moja ikashikilia neno lake. Nikamsihi aende Mwanza kwa bingwa wa mizizi ya meno. Akasema shuleni wako walimu wanne tu, darasa lake atamwachia nani? Wiki mbili nilimtazama akidhoofika, nisijue la kufanya ila kubadilisha dawa.

"Ng'oa," akasema mwishowe.

Nilipolitoa nikaliosha, nikalisogeza kwenye taa. Ncha ya mzizi ilikuwa imepinda kuelekea kwenye kaakaa, upande ambao picha haiwezi kuuonyesha, na tundu lake lilifungukia ubavuni, kabla ya ncha. Nikapitisha sindano hadi kwenye tundu hilo, nikapima kwa rula. Kumi na tisa.

"Umeona nini?" akauliza, pamba mdomoni.

"Kifaa kilisema kweli. Mimi ndiye ambaye sikukiamini."

"Akija mwingine, utakiamini?"

"Sijui, mwalimu. Pengine kwake picha ndiyo itakuwa kweli."

Akasema "wabeja", asante kwa Kisukuma, kama mtu aliyepewa kitu, akatoka.

Nilimtengenezea jino la bandia. Halijamkaa vizuri, hata baada ya kulirekebisha mara tatu. Akisoma kwa sauti, "s" inamtoka na mluzi, na watoto wake wa darasa la kwanza wanaisoma hivyo hivyo.